Shajara ya ukuta wa sayari: majina tuliyoandika, tukafuta, tukaandika tena

Shule yetu ya msingi, hapa Tanga, ina ukuta wa tofali wenye urefu wa mita 62, toka getini hadi kona ya vyoo. Kwa miaka mingi ulikuwa wa kuchorwa mkaa na kupigwa mipira ya matope. Mwaka huu mimi, mwenzangu wa Sayansi na klabu ya wanafunzi wa darasa la tano na la sita tumeamua kuuchora Mfumo wa Jua, na chini ya kila sayari kuweka kibao kinachoeleza jina lake lilitoka wapi. Naandika kadiri hatua zinavyokwisha, ili shule nyingine ikitaka kuiga isipoteze fedha tulizopoteza sisi. Mambo ya rangi nayapita haraka, kila fundi anayajua. Yaliyotutoa jasho ni majina.

13 Januari 2024: kupima

Kipimo tulichochagua: mita 1 ya ukuta ni kilomita milioni 75 angani. Uzuri wake ni kwamba Dunia inaangukia mita 2 kamili kutoka kwenye Jua, hata mtoto wa darasa la tatu anaweza kukagua. Sayari ya kwanza ikaangukia sentimita 77, ya pili mita 1.44, ya nne mita 3, ya tano mita 10.4, ya sita mita 19, ya saba mita 38, ya nane mita 60. Pluto ilitaka mita 79, yaani nje ya ukuta kabisa, nyuma ya vyoo. Tukaiweka kiporo.

Ukubwa hatukuufuata. Kwa kipimo hicho Jua lenyewe lingekaa ndani ya kizibo cha soda, na Dunia ingekuwa ndogo kuliko punje ya chumvi.

Kosa la siku: futikamba ilikuwa ya mita 5. Kuihamisha mara kumi na mbili kulituongezea zaidi ya mita nzima, na hatukushtuka mpaka sayari ya nane ilipogoma kukaa ndani ya ukuta. Tukanunua uzi wa katani, tukaupiga fundo kila mita 10, tukapima upya kwa nusu saa. Gharama sh 2,000.

27 Januari: rangi

Msasa, koti mbili za rangi nyeupe ya nje, kisha buluu iliyokoza kama usiku. Ndoo ya lita 20 nyeupe sh 95,000, ya buluu 110,000, rola na brashi 24,000, msasa 10,000, fundi siku mbili 50,000. Pamoja na uzi tumefika sh 291,000. Fundi alituuliza kama ukuta umekauka vizuri huku chini, karibu na msingi. Tukamjibu umekauka.

17 Februari: vibao vya kwanza

Karatasi moja ya plaiwudi, sh 48,000, imetoa vibao kumi: Jua, sayari nane, na Pluto anayesubiri mahali. Makopo saba madogo ya rangi 42,000, vanishi 15,000, fundi wa mabango 5,000 kwa kila kibao. Jumla ya hatua hii sh 155,000.

Majina niliyatoa kwenye daftari langu la zamani la shule, nilivyokariri mwenyewe: Zebaki, Zuhura, Dunia, Mirihi, Mshtarii, Sarateni, Zohali, Kausi, Utaridi. Maelezo niliyatoa kwenye visasili vya Warumi. Nikavibandika pamoja kama nguo na kiraka. ZUHURA, mungu wa kike wa mapenzi wa Warumi. MSHTARII, mfalme wa miungu, mrusha radi. ZEBAKI, mjumbe mwenye mabawa miguuni. SARATENI, mungu wa wakati, na pembeni mwenzangu akachora saa ya mchanga nzuri kweli.

Vilikaa ukutani siku mbili. Darasa la sita tuna wasichana wawili wanaoitwa Zuhura. Mmoja alisimama mbele ya kibao kwa muda mrefu, akaja ofisini na daftari lake kifuani.

"Mwalimu, kwa hiyo babu alinipa jina la mungu wa Warumi?"

Sikuwa na jibu. Nikamwambia aniache hadi kesho, neno ambalo mwalimu hapendi kulitamka.

9 Machi: Maalim apita

Jibu la Zuhura nilikuwa nimelipata kabla ya leo. Jina lake ni la Kiarabu, al-Zuhara, kutoka katika mzizi wa neno lenye maana ya kung'aa, na ndiyo sayari inayong'aa kuliko nyota zote. Mungu wa Warumi aliitwa Venus. Sayari ni moja, ila majina mawili yameifikia kwa njia mbili, na mimi nilikuwa nimeyashona pamoja. Babu yake alimwita mng'aro, basi. Nilimweleza, akaondoka akitembea tofauti na alivyokuja.

Nilidhani shida imeisha. Asubuhi ya leo akapita mzee wa jirani anayefundisha madrasa, ambaye ujanani alijifunza falaki, elimu ya nyota.

"Shikamoo, Maalim."

"Marahaba, mwalimu. Nimesikia mmeshusha mbingu ukutani, nikasema nije nione."

Alianza getini, akasoma kibao kimoja kimoja bila kusema neno. Mita ya 19 akasimama. "Huyu kaa mmemtoa wapi?"

Sarateni, akaeleza, ni saratani, yaani kaa. Ni moja kati ya buruji 12, makundi ya nyota ambamo Jua linapita kwa mwaka. Tukaenda mita ya 60. Kausi nayo ni upinde, buruji ya tisa. "Buruji ni nyumba," akasema, "na sayari ni wageni wanaopita humo. Nyinyi mmewapa wageni majina ya nyumba." Zuhali yenyewe, ndiyo Zohali, ambayo wazee wa falaki waliihesabu kuwa ya mbali kuliko zote, daftari langu lilikuwa limeisukuma mbele nafasi moja, hadi kwenye sayari ambayo hao wazee hawakuijua.

La Utaridi lilimchekesha. Katika falaki Utaridi ndiyo sayari iliyo jirani na Jua, isiyoonekana ila muda mfupi baada ya magharibi au kabla ya mapambazuko. Daftari langu liliiweka mwisho, kwa Pluto. Kwa kipimo cha ukuta wetu tulikuwa tumeihamisha karibu mita 78 kutoka nyumbani kwake.

Na Zebaki? Hapo ndipo nilipofurahi, kwa maana kosa hili lina historia tamu. Zebaki kwa Kiswahili ni ile madini ya majimaji inayokimbia kama shanga ukiimwaga mezani. Wanakemia wa kale walilinganisha madini na sayari: dhahabu na Jua, fedha na Mwezi, shaba na Venus, chuma na Mars (Mirihi), bati na Jupiter (Mshtarii), risasi na Saturnus (Zohali), na zebaki na Mercurius (Utaridi), mjumbe asiyetulia. Ulaya, madini hii ikaishia kubeba jina la sayari. Kwetu ikawa kinyume, sayari ikabeba jina la madini. Hatukuifuta. Tumeandika majina yote mawili, Utaridi juu na Zebaki chini yake, na hadithi hiyo kwa mistari mitatu.

Orodha iliyokubaliwa: Utaridi (Zebaki), Zuhura, Dunia, Mirihi, Mshtarii, Zohali, Uranus, Neptuni. Zohali na Zuhali ni jina lilelile, tumechagua linalozoeleka. Mbili za mwisho hatukuzitafutia jina la kale, kwa kuwa hapakuwa na mtu aliyezijua. Vibao vinne vimeandikwa upya, sh 20,000.

Maalim alituachia na utani wa kuondokea: Mushtari kwa Kiarabu ni mnunuzi. Tangu leo darasa la tano wanaiita sayari hiyo Mteja.

11 Mei: baada ya masika

Ukuta haukuwa umekauka. Mvua za mwaka huu mnazijua. Chini, kuanzia mita ya 20 hadi ya 45, rangi ilitoka malengelenge kisha ikabanduka kama ganda la yai, kwa sababu maji yalipanda kutoka kwenye msingi na hayakuwa na pa kutokea. Kubandua, kupiga plasta upya, kuacha wiki mbili (tafadhali, wiki mbili), kupaka tena. Saruji 18,000, mchanga 15,000, rangi 28,000, fundi 40,000. Jumla sh 101,000 ambazo tusingezitoa kama tungemsikiliza fundi Januari. Vibao tulikuwa tumevihifadhi stoo, vikapona.

25 Mei: mzazi getini

Vibao vilirudi ukutani Jumatatu. Alhamisi mzazi mmoja akaomba kumwona mwalimu mkuu. Hakuja kwa ugomvi. Alisema tu kwamba mwanawe amerudi nyumbani akisema Jupiter ni mfalme wa miungu, na kwamba amesoma hilo shuleni.

Nilikwenda kukisoma kibao upya, na mzazi alikuwa na haki. Tulikuwa tumeandika "ni mfalme wa miungu", kama mtu anavyoandika kwamba Dodoma ni makao makuu. Mtoto hawezi kujua kuwa kuna Mrumi wa kale nyuma ya sentensi hiyo. Kila kibao sasa kinaanza na "Warumi wa kale waliamini", na kinataja Jupiter pale tu jina Jupiter linapozungumziwa.

Mwenzetu wa darasa la pili, aliyekulia Lubumbashi, ndiye aliyelainisha kikao. Alimwambia mzazi: "Baba, sisi kule tulihesabu siku kwa Kifaransa. Mardi ni siku ya Mars, mercredi ya Mercurius, jeudi ya Jupiter, vendredi ya Venus. Tumezitaja maisha yetu yote na hakuna aliyemwabudu Mars Jumanne." Mzazi akacheka, akauliza mbona za Kiswahili hazina miungu. Kwa sababu sisi tunahesabu tu: mosi, pili, tatu, kuanzia kesho yake ya Ijumaa. Kibao kidogo cha siku tumekiongeza karibu na geti, kwa kipande kilichobaki cha plaiwudi. Maandishi alitusamehe fundi.

29 Juni: kwa nini huyu na si yule

Likizo imenipa nafasi ya kurekebisha kosa ambalo hakuna aliyelilalamikia ila mimi. Vibao vilisema Warumi waliipa kila sayari jina la mungu wao. Kwa majina ya zile tano za kale ni kweli, kwa wazo si kweli. Wazo lilikuwa kuukuu kabla ya Roma kuwa na nguvu.

Watu wa Babuloni walizitazama hizi nyota tano zisizotulia, yaani sayari zinazoonekana kwa macho matupu, kwa karne nyingi. Upo ubao wa udongo, nakala yake ilipatikana katika magofu ya Ninawi na sasa uko British Museum mjini London, wenye kumbukumbu za miaka 21 za kuonekana na kupotea kwa Zuhura wakati wa mfalme Ammisaduqa. Nyota hiyo walimpa Ishtar, mungu wa kike wa mapenzi na vita. Ile nyekundu wakampa Nergal, wa vita na tauni. Ile kubwa yenye mwendo wa heshima wakampa Marduk, mkuu wa Babuloni. Ya mbio wakampa Nabu, mungu wa waandishi, na ile ya polepole Ninurta.

Wagiriki mwanzoni waliziita kwa sura zake: Stilbon (Utaridi) ni yenye kumetameta, Pyroeis (Mirihi) ni ya moto, na Zuhura ilikuwa na majina mawili, Phosphoros alfajiri na Hesperos jioni. (Tusiwacheke. Sisi nasi tuna nyota ya alfajiri na nyota ya jioni, na wako wanaoiita ng'andu.) Karne ya 4 KK tunakuta wakisema nyota ya Hermes (Utaridi), ya Aphrodite (Zuhura), ya Ares (Mirihi), ya Zeus (Mshtarii), ya Kronos (Zohali). Walichofanya ni kutafuta katika miungu yao nani anafanana na wa Babuloni. Warumi nao wakafanya vivyo hivyo kwa Wagiriki. Neno la Kigiriki la sayari lenyewe lilikuwa na maana ya mtangatangaji.

Sababu, basi, ziko wazi angani ukizitazama kwa macho matupu. Utaridi inalizunguka Jua kwa siku 88, ni nani atapewa kama si mjumbe? Mshtarii inachukua karibu miaka 12, Zohali miaka 29 na nusu. Nyota inayokokota miguu hivyo ikapewa mzee, Kronos.

Na hapo ndipo ile saa ya mchanga ilipotuumbua. Mwenzangu aliichora kwa kuwa amesoma mahali kwamba Kronos ni mungu wa wakati. Kigiriki kina Kronos, baba yake Zeus, na kina khronos, wakati. Ni maneno mawili yanayokaribiana tu kwa sauti, na kuyachanganya ni kosa ambalo Wagiriki wenyewe walilifanya. Saturnus wa Warumi alikuwa mungu wa kupanda na kuvuna, alama yake mundu. Sikukuu yake ya Desemba ilikuwa ya kupindua mambo, mabwana wakawaandalia watumwa chakula. Saa ya mchanga imefunikwa kwa buluu. Mundu umechorwa na mtoto wa darasa la tano ambaye kwao wanalima mpunga, na ni mundu kweli, una meno. Vibao vitatu vimeandikwa upya, sh 15,000.

20 Julai: mbili zilizogombewa

Uranus na Neptuni ni habari ya watu kugombea heshima, na watoto wameipenda kuliko miungu yote.

Tarehe 13 Machi 1781, William Herschel, mwanamuziki aliyeishi Bath, Uingereza, aliona kwa darubini aliyoitengeneza mwenyewe kitu alichodhani ni kometi. Kilipothibitika kuwa ni sayari alitaka kiitwe nyota ya George, kwa heshima ya mfalme wake, George III. Nje ya Uingereza nani akubali? Wafaransa wakapendelea kuiita Herschel. Mjerumani Johann Elert Bode ndiye aliyeleta Uranus, na hoja yake ilikuwa ya ukoo: baba wa Mars ni Jupiter, baba wa Jupiter ni Saturnus, basi inayofuata iwe ya baba wa Saturnus. Waingereza waliendelea na George katika kitabu chao cha mabaharia hadi 1850.

Hapa nilitaka kuandika "Warumi wa kale waliamini" kama kwingine. Nikazuia kalamu. Ouranos ni wa Wagiriki. Warumi mbingu yao waliiita Caelus. Kati ya sayari zote hii pekee imebeba jina la Kigiriki.

Tuliwapanga wanafunzi wanne mstari mmoja mbele ya ukuta: mtoto, baba, babu, baba wa babu. Walielewa papo hapo, kisha mmoja akaona shimo. "Mwalimu, Mirihi ni mtoto wa Mshtarii?" La. Mars ni mtoto wa Jupiter. Majina yetu hayana ukoo huo, yalikuja kwa jahazi nyingine. Ndiyo maana kila kibao sasa kina safu mbili, jina letu na lilikotoka, jina la Kirumi na lilikotoka. Ningejua hivyo Februari ningeokoa sh 35,000 za maandishi.

Neptuni ilipatikana kwa hesabu kabla ya kuonekana. Urbain Le Verrier wa Ufaransa alipiga hesabu ya kitu kinachoivuta Uranus, akamwandikia Johann Galle huko Berlin, naye usiku wa 23 Septemba 1846 akaikuta chini ya nyuzi 1 kutoka pale alipoelekezwa. Le Verrier alipendekeza Neptunus, mungu wa bahari, kisha akageuka akataka iitwe kwa jina lake mwenyewe. Wenzake wa nchi nyingine hawakumpa.

17 Agosti: alfajiri

Jumatano hii iliyopita Mirihi na Mshtarii zilikaribiana sana angani, na hata leo bado ziko jirani. Tuliwaita watoto wanaokaa karibu, pamoja na wazazi wao, saa kumi na moja kasoro. Wingu, kisha likafunguka kidogo upande wa mashariki. Moja nyeupe, kubwa, imetulia. Nyingine ndogo, nyekundu kama kaa la moto. Sikusema kitu. Yule mzazi wa Mei alikuwepo, na ndiye aliyesema, "Hiyo ndogo ndiyo ya vita."

24 Agosti: Pluto

Leo imetimia miaka 18 tangu wanafalaki waliokutana Prague, tarehe 24 Agosti 2006, kuiondoa Pluto kwenye orodha ya sayari na kuiita sayari kibete. Tumeichagua siku hii makusudi. Bomba chakavu la chuma, sh 12,000, limesimikwa mita 79 kutoka kwenye Jua, nje ya ukuta, nyuma ya vyoo, kwa saruji iliyobaki Mei.

Jina lake lilitolewa na mtoto. Clyde Tombaugh aliigundua Februari 1930 katika kituo cha kutazama nyota huko Flagstaff, Arizona, Marekani. Mwezi uliofuata, mezani wakati wa kifungua kinywa mjini Oxford, Venetia Burney, msichana wa miaka 11, alimwambia babu yake kwamba sayari ya gizani na baridi ingefaa kuitwa Pluto, bwana wa kuzimu. Babu akampasha habari profesa mmoja wa falaki, profesa akapiga simu ya maandishi Marekani, na tarehe 1 Mei jina likatangazwa. Lilisaidiwa pia na herufi zake mbili za kwanza, P na L, ambazo ni za Percival Lowell, aliyekianzisha kituo hicho. Venetia alipewa pauni 5 na babu yake.

Zuhura yule aliyekuja ofisini Februari naye ana miaka 11. Ndiye aliyeandika kibao hiki, kwa mkono wake, bila fundi. Herufi zimepanda kidogo upande wa kulia. Kuhusu bwana wa kuzimu kuwekwa nyuma ya vyoo, darasa la sita wana maoni ambayo siyaandiki hapa.

Jumla ya gharama hadi leo ni sh 594,000. Kazi iliyobaki ni koti la pili la vanishi kabla ya vuli, na kibao cha Dunia. Kwa sasa kina safu moja tu, kwamba dunia ni neno la Kiarabu lenye maana ya iliyo karibu. Safu ya pili iko wazi na watoto bado wanabishana.